Miaka ya unga wa njano: tusimulie waliotushika mkono

Mwana Mji Mpya (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila uzi wa miaka ile unapofunguliwa humu, kuanzia 1979 hadi 1985, tunaishia palepale: foleni, maduka ya RTC, yale ya kampuni za biashara za mikoa, yenye rafu tupu, mawe tuliyopanga alfajiri yatushikie nafasi, sera ipi ilikosewa na nani alaumiwe. Mijadala hiyo nimeshiriki na nitaendelea kushiriki. Ila kuna swali tunaliruka. Dukani hakuna kitu, mshahara ukija hauna pa kwenda, na bado sisi watoto tulikua. Nani alitulea?

Kwa vijana, kwa ufupi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na Novemba 2 Mwalimu akatangazia taifa kwamba nia, sababu na uwezo wa kumpiga tunao. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Gharama ya vita ile hukadiriwa kufika dola milioni 500, na mwaka huohuo bei ya mafuta duniani ikapaa huku ile ya kahawa ikiwa imeshaporomoka. Tukaambiwa tufunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, mkanda ukabaki palepale. Mahindi ya njano yakaja kutoka Marekani, ugali wake tukauita unga wa Yanga, na watu wazima wakala wakiwa wamekunja uso kwa sababu walizoea sembe nyeupe.

Sisi tulipanga Mji Mpya, Morogoro. Nyumba ya vyumba sita, ua mmoja, bomba moja, choo kimoja. Baba alikuwa kiwandani. Morogoro ulikuwa mji wa viwanda, vya viatu, turubai, magunia, ngozi, na karibu vyote viliteswa na jambo moja: kipuri kikiharibika kinahitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazipo. Baba aliondoka saa kumi na mbili asubuhi, akaenda kukaa kando ya mashine iliyozimwa, akarudi jioni. Mshahara alipewa. Cha kununua ndiyo hakikuwepo.

Chumba cha pili kutoka mlangoni alikaa mama mmoja wa Kigoma ambaye mume wake alikuwa dereva wa lori. Jina lake nalihifadhi, tulimwita Mama Kigoma. Mwaka 1982 akajifungua mtoto wa kike. Sukari ya duka la ushirika ilitolewa kwa kaya zilizo kwenye orodha ya balozi wa nyumba kumi, na yeye hakuwemo kwa sababu walihamia katikati ya mwaka. Mumewe naye hayupo, lori limekwama Dodoma linasubiri tairi.

Siku tuliyopata kilo yetu, kilo moja kwa watu saba, mama aliimimina kwenye sinia. Akaisawazisha kwa kiganja, akaikata katikati kwa ubapa wa kisu. Nusu akaitia kwenye kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu uliobanduka mahali, akanikabidhi. "Mpelekee, mwambie ya uji wa mzazi. Na usisimame kungoja kikombe."

Hilo la kikombe nimelielewa ukubwani. Ukisimama kungoja, mwenzio anakimwaga mbele yako na kukurudishia kitupu. Ukimwachia, umempa muda wa kutafuta cha kutia ndani. Wote humu tumelelewa hivyo, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kikombe kilirudi siku ya tatu na dagaa wa Kigoma wa kujaa kiganja. Baadaye kikaenda na mafuta ya kula, vijiko viwili, kikarudi na chumvi. Kuna siku kilirudi na majani ya mpapai tu, maana sabuni ilikuwa haionekani na majani yale ndiyo tuliyofulia. Mama aliyapokea akasema "asante, mwanangu" kama aliyepokea mche mzima.

Moto nao ulikuwa hivyohivyo. Kiberiti kilikuwa adimu, kwa hiyo aliyewahi kuwasha jiko asubuhi ndiye aliyewashia ua mzima. Sisi watoto tulitumwa na kigae kwenda kuomba kaa, unarudi unalipuliza njiani lisizime.

Na baba mdogo alikuwa akishuka kutoka milimani, Uluguru, na magimbi na mkungu wa ndizi kichwani. Mkungu ulikatwa pale uani, chane moja kila mlango. Hakuna aliyepiga kelele kwamba amegawa.

Halafu kuna Mazimbu, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko yote, na nashangaa hatuisemi. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa ANC ya Afrika Kusini shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, nje kidogo ya mji, wakajenga shule ya watoto wao waliokimbia makaburu. Wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979, siku tano kabla ya Kampala kuanguka. Mwaka 1982, tukiwa hatuna sabuni wala sukari, tukawaongezea ardhi nyingine Dakawa. Baba alipata kibarua cha zege Mazimbu kiwanda kiliposimama kabisa. Walipojenga hospitali yao, wenyeji nao walitibiwa pale. Dada yangu alilazwa na homa, akarudi mzima. Mwaka 1992 wakaondoka wakatuachia majengo yote, leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Ukipita pale angalia makaburi yao, yapo.

Naomba tusimuliane. Siyo habari za serikali. Nani alikushika mkono, alikupa nini, alikupaje.

Kijana wa Ubungo

Nimezaliwa 1999, hizi habari sijawahi kuzisikia hivi. Naendelea kusoma, wazee wangu leteni.

Ng'ambo ya Kyaka

Mleta uzi, umenigusa. Mimi ni wa Missenyi, kaskazini ya mto Kagera, yaani upande ule uliotekwa. Nilikuwa na miaka tisa.

Tulitoka usiku. Baba alibeba mdogo wangu, mama akabeba sufuria na blanketi, mimi nikapewa mbuzi mmoja nimkokote. Mbuzi huyo hatukufika naye. Tulivuka mto kabla daraja la Kyaka halijavunjwa, wengine waliotufuata walivuka kwa mitumbwi na wengine hawakuvuka. Tukatembea siku kadhaa kuelekea kusini hadi Muleba. Tulikuwa maelfu barabarani, na hakuna aliyekuwa na barua ya kumtambulisha kwa mtu.

Tulipokelewa na bibi mmoja mjane. Hakutujua, hatukuwa ukoo mmoja. Alituona tumekaa chini ya mti kando ya kibanja chake jioni, akaja na kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba. Wahaya mnaelewa. Kahawa ile hupewa mgeni, ndiyo heshima ya kumkaribisha. Mkimbizi barabarani hapewi kahawa, anapewa maji na chakula. Yule bibi alianza na kahawa. Mama yangu alilia kwa ile kahawa kuliko alivyolia tulipotoka nyumbani.

Tulikaa kwake hadi katikati ya 1979. Kila Jumamosi alitukatia mkungu mmoja. Wiki za mwanzo mama alikuwa anapokea ameinamisha kichwa. Bibi akaona. Akampa kipande cha ardhi pembeni ya kibanja apande viazi vitamu, akamwambia, "Vikikomaa nawe unipe." Vilipokomaa mama alimpelekea kapu la kwanza. Sijamwona mama akitembea vile tangu tulipovuka mto, kapu kichwani, shingo imenyooka.

Tuliporudi kwetu nyumba ilikuwa imeng'olewa mabati, milango, hata fremu za madirisha. Ng'ombe wote wamekwenda. Yule bibi alishatufungia mbegu za maharage kwenye kitambaa. Ndizo tulizoanzia.

Siku za kuwakumbuka mashujaa watu huenda Kaboya, kwenye makaburi ya wanajeshi wetu, nami huenda. Nikitoka pale napita kwa kaburi lingine, halina jiwe la serikali.

Mwana Mji Mpya

Mkuu Ng'ambo ya Kyaka, nimesoma mara tatu. Hilo la viazi ndilo nililokuwa nalitafutia maneno kwenye habari ya kikombe.

Karani Mstaafu

Nawaheshimu wote, lakini lazima niseme. Nilikuwa karani wa kata moja huko kanda ya ziwa wakati wa vita na miaka iliyofuata. Tusipake rangi.

Ni kweli watu walitoa. Wafugaji walileta ng'ombe, wakulima mahindi na kuku, wafanyakazi walichangia mishahara, wenye mabasi na malori waliyatoa yabebe askari. Nimeona kwa macho mzee anafika ofisini na dume lake bora, siyo lile la kuchechemea, anasema lipelekwe kwa vijana. Hakuitwa na mtu. Nilimwandikia stakabadhi akaiacha mezani.

Lakini pia nimeona kuku akichukuliwa kwa mjane kwa sababu kijiji kimepangiwa idadi na idadi haijatimia. Mgambo mlangoni, daftari mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyeandika jina lake kwenye safu ya "wachangiaji". Na vita ilipokwisha, tabia ya kupanga idadi haikwisha. Mchango wa hiki, mchango wa kile, anayeshindwa anaitwa mzembe. Nikisikia leo mtu anasema "Watanzania wa enzi zile walikuwa na moyo", namkumbuka yule mama. Moyo wake haukuulizwa.

Kwa hiyo ukarimu tusiuchanganye na makato.

Mwana Mji Mpya

Mzee wangu, shikamoo. Umesema kweli na nashukuru umeiandika wewe uliyeshika daftari, maana mwingine angeandika tungemwita mpinzani.

Nakubaliana nawe. Naongeza jambo moja tu. Yule mzee wa dume na yule mjane wa kuku wako kwenye daftari moja, safu moja. Ukilisoma daftari huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana nasema tusimulie kwa mdomo, kwa sababu kumbukumbu za ofisi zimewafanya wote wawili kuwa namba. Mzee hakupata heshima yake na mjane hakupata haki yake.

Na ukiangalia, vitu vyote tulivyosimulia humu hadi sasa, kikombe, kahawa, kapu la viazi, havikupangwa na mtu kutoka juu. Vilipita mlango kwa mlango, kati ya watu wanaoonana usoni kila asubuhi.

Binti wa Mwenye Duka

Naomba niweke yangu, ingawa sijui niiweke upande gani.

Baba alikuwa na duka Tanga. Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipoanza chini ya Waziri Mkuu Sokoine, hofu iliingia kila nyumba yenye duka. Kulikuwa na walanguzi kweli, watu waliofungia sukari stoo huku watoto wanakunywa chai kavu, na kwa hao sina huruma. Lakini hofu haikuchagua. Watu walitupa bidhaa mitoni na vichakani usiku wasikutwe nazo. Fikiria, sabuni inatupwa mtoni mwaka ambao watu wanafulia majani.

Baba alikuwa na katoni tatu za sabuni chumbani, zilizopatikana kihalali, ila risiti moja haionekani. Mama akasema hazitupwi. Usiku ule, taa zimezimwa, alitutuma sisi mabinti watatu, mche mmoja mmoja ndani ya kanga, mtaa mzima. Ukibisha hodi unasema, "Mama kasema mfulie nguo za watoto." Basi. Kufikia saa nane usiku katoni zimekwisha.

Asubuhi mtaa wote ulinukia sabuni. Kamba zote za uani zimejaa nguo nyeupe. Hilo sitalisahau.

Je, mama alikuwa mkarimu au alikuwa mwoga? Nilimuuliza kabla hajafa. Alisema, "Vyote viwili, mwanangu. Ila mto haufui nguo."

Kijana wa Ubungo

Nimesimama hapo kwenye nguo nyeupe.

Karani Mstaafu

Binti, mama yako alale pema. Na msiba wa Sokoine ulipotokea, Aprili 12, 1984, pale Dakawa, hata waliosakwa walilia. Nilishuhudia mfanyabiashara aliyekuwa ametoka mahabusu miezi michache nyuma akitoa turubai na mchele kwa waombolezaji. Tulikuwa watu wa ajabu.

Mkamba wa Kitui

Mimi ni jirani kutoka Kenya, nimekuwa nikiwasoma kimyakimya. Mwaka huo wa 1984 kwetu Ukambani mvua ilikataa, na njaa yake wazee waliipa jina: nikw'a ngwete. Maana yake, nakufa nikiwa nimeshika. Nimeshika nini? Pesa. Watu walikuwa nazo, ng'ombe waliuza, vijana waliokuwa Nairobi na Mombasa walituma, lakini chakula sokoni hakuna. Kwa hiyo hilo la mleta uzi, mshahara uliokosa pa kwenda, sisi tuliliweka ndani ya jina la njaa yenyewe.

Kilichotusaidia kwetu ni mwethya. Ni vikundi vya kazi vya majirani, wengi wakiwa akina mama, leo wanachimba matuta kwako, kesho kwangu. Mwaka ule ardhi ilikuwa kavu kama tofali lakini mwethya haukusimama. Nyanya yangu alikuwa akienda kuchimba matuta na tumbo tupu. Nikiwa mtoto nilidhani ni wazimu, unachimbia nini na mvua hakuna? Siku moja nikafuatana naye. Nikaona wanapopumzika saa nne, kila mmoja anatoa alichobeba kwenye kitambaa, wengine hawana kitu, vyote vinawekwa pamoja na kugawanywa sawa. Asiyekuwa na kitu hakuwa na haja ya kwenda kuomba kwa mlango wa mtu. Alikuja na jembe lake, akafanya kazi, akala na wenzake.

Mwaka 2011 ukame ulipopiga Turkana, Wakenya walichanga kwa simu, kampeni ikaitwa Kenyans for Kenya, lengo la shilingi milioni 500 likavukwa. Nilituma nilichokuwa nacho na nilijivunia sana, bado najivunia. Lakini yule wa Turkana hakuniona uso, wala mimi wake. Nyanya yangu aliniuliza, "Na wao watakurudishia nini?" Nikamwambia hawahitaji kurudisha. Akasema, "Basi wataishi vipi na wewe?" Sikuwa na jibu na hadi leo sina.

Mama Katesh

Swali la huyo nyanya ni zito. Mimi ni wa Hanang. Desemba 3, 2023 tope liliposhuka kutoka mlimani na kuzika watu na nyumba pale Katesh na vijiji vya jirani, nchi nzima ilituletea misaada. Mungu awabariki, nasema kwa moyo wote, hatukulala njaa.

Nilikuwa napokea na kugawa. Siku ya nne jirani yangu, aliyepoteza nyumba na watu wawili, alikuja mstarini akapokea unga, sukari, blanketi. Kesho yake akarudi. Nikadhani ana shida nyingine, nikamuuliza amepungukiwa nini. Akasema, "Sikuja kuchukua. Nipe fagio." Akafagia darasa lile lililokuwa stoo, akapanga magunia, akaanza kuwapimia wenzake unga. Alikuja kila siku hadi zoezi lilipofungwa. Jioni ya mwisho ndiyo nilimwona amekaa na watu, anaongea.

Tangu siku hiyo, mtu aliyefikwa akija kwenye msaada, nikishampa nampa na kazi.

Ng'ambo ya Kyaka

Mama Katesh, fagio lako na viazi vya mama yangu ni kitu kilekile.

Karani Mstaafu

Nimesoma yote. Naomba kusema jambo ambalo sikulisema jana. Yule mjane wa kuku, mwaka uliofuata nilimpelekea kuku wawili, kutoka kwangu mwenyewe, usiku. Alimpokea mmoja. Wa pili akanirudishia, akasema mmoja ndiye aliyechukuliwa. Sikulala.

Mwana Mji Mpya

Wakuu, nimemsomea mama uzi huu wote kwa simu, jana na leo. Ana miaka 83, yuko kwa dada yangu Kihonda, macho yamechoka lakini masikio mazima. Kwa yule bibi wa kahawa alinisimamisha nimrudie. Kwa Karani Mstaafu alisema, "Mwambie alale sasa."

Nikamuuliza habari za kikombe. Akacheka, akasema kikombe kilitoboka kitako zamani, kikawa cha kupimia mchanga wa kuotea miche. Kinachomkaa moyoni ni kingine. Mwaka 1985, wiki ya mwisho kabla Mama Kigoma hajahama, alimwazima mama nusu mche wa sabuni, sabuni ya kweli ya dukani, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anabatizwa. Mume akapata lori la kurudi Kigoma ghafla, wakapakia usiku, asubuhi chumba kitupu. Hawakuagana. Mama anasema deni lile halijafutika, na kwamba Mama Kigoma alijua kabisa anahama alipoazimisha ile sabuni.

Kwa hiyo naomba. Kama mama yako alipanga Mji Mpya, Morogoro, kati ya 1982 na 1985, nyumba ya vyumba sita yenye mpapai nyuma ya choo, baba yako alikuwa dereva wa lori na wewe au dada yako mlizaliwa pale, niandikie faragha. Mama ameshanunua mche, mzima, ameufunga kwenye gazeti na kuuweka kabatini.

Kijana wa Ubungo

Mkuu, bibi yangu mzaa mama ni wa Ujiji na mama amezaliwa Morogoro 1982. Babu aliendesha malori. Sijui kama ndio, miji ni mikubwa. Nampigia sasa hivi.